Mtoto Akeshaye: Si Deko Wala Si Jini

Juma hili tugeukie jambo linalowakosesha wazazi usingizi kwa maana halisi: mtoto asiyelala. Simsemi yule anayetaka hadithi moja zaidi kabla ya taa kuzimwa. Namsema yule ambaye mshono wa nguo humchoma kama mwiba, anayeziba masikio lori linapopita, na ambaye saa tano za usiku bado anagaagaa.

Chukua mji kama Garsen, huko Tana River. Joto la mchana hubaki chini ya mabati hata baada ya isha. Mbu hawana huruma. Malori ya njia ya Hola na Garissa hunguruma, na mvua ikinyesha vyura hupiga kelele hadi alfajiri. Watoto wengi huyazoea hayo wakalala fofofo. Huyu hayazoei. Ubongo wake hupokea kila mguso, sauti na harufu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Jirani atasema ni deko, mwingine atataja jini.

Aliyefungua njia ya kulielewa jambo hili ni Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba ya vitendo, aliyetoa kitabu chake mwaka wa 1972. Madaktari hadi leo hawajaafikiana kwamba huu ni ugonjwa unaojitegemea. Huonekana sana kwa watoto wenye usonji, lakini si kila mtoto wa namna hii ana usonji. Nionavyo mimi, mzazi hana haja ya kusubiri mabishano hayo yaishe ndipo amsaidie mwanawe leo usiku.

Kwanza hakikisha hakuna maradhi. Minyoo midogo ya njia ya haja kubwa huwasha usiku. Sikio hali kadhalika huuma zaidi mtoto akilala. Akikoroma kila siku, mpeleke zahanati.

Sasa tuje kwenye chandarua, maana hapa ndipo vita vilipo. Mtoto wa aina hii hukichukia kwa sababu kinanuka dawa, kinamgusa usoni, na humfanya ahisi amefungiwa. Wazazi wengine huchoka wakakiondoa. La hasha! Malaria haijui hisia za mtoto. Chandarua kipya kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, harufu na mwasho vipungue. Ukiweza kuchagua, twaa cha nyuzi laini za poliesta, si kile kigumu. Kifunge pembe 4 kwenye vijiti ili kisimshukie usoni, na mwache akichezee mchana akiwa ndani yake, akizoee kama nyumba yake.

Nguo nazo ni hivyo hivyo. Kata kile kitambulisho cha shingoni, mvishe fulana kuukuu ya pamba, ukiigeuza ndani nje ili mishono isimguse. Leso iliyofuliwa mara nyingi hushinda shuka mpya.

Huenda umesikia habari za blanketi zito la Ulaya. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba watoto wenye usonji hawakulala zaidi wakijifunika blanketi hilo, ingawa wao na wazazi wao walilipenda. Na kwa joto la Garsen au Mombasa, nani atalivumilia? Afadhali kazi ya misuli jioni: abebe kidumu kidogo cha maji, asukume toroli na nduguye, akande unga wa chapati. Kisha aoge maji ya uvuguvugu, kwani mwili unapopoa baada ya kuoga usingizi huja upesi. Halafu mkande mikono na miguu kwa viganja vizima, polepole, kwa nguvu kiasi. Kumpapasa juu juu humtekenya na kumwamsha. Asipotaka kuguswa, acha.

Taa, simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Kelele huwezi kuzizima zote. Lakini sauti moja isiyobadilika, kama ya feni, huzifunika nyingine.

Lililo muhimu kuliko yote ni utaratibu: mambo yale yale, kwa mfuatano ule ule, saa ile ile. Familia za Tana River zinajua jinsi utaratibu unavyovunjika. Mafuriko ya 1997 na yale ya Novemba 2023 yalizihamisha nyingi hadi kambini. Nyumba haibebeki, ila leso ile ile na wimbo ule ule wa bibi hubebeka hata kwenye hema.

Neno moja la ukali: usimpe dawa ya mafua ili asinzie. Kuna akina mama wanaofanya hivyo, nao wauza maduka hawaulizi. Dawa hizo huweza kumdhuru mtoto mdogo, na wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Ikiwa wako yuko mbali na hapo, andika katika daftari kwa wiki 2: alilala saa ngapi, aliamshwa na nini, alikula nini jioni. Nenda nalo hospitali, au kwenye kituo cha elimu cha kupimia watoto, vile viitwavyo EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984. Ukifika, omba kuonana na mtaalamu wa tiba ya vitendo, na umfungulie daftari hilo kabla hajakuuliza lolote.