Karagwe na Kyerwa: Swichi rahisi, hasara ghali

MSIMU wa kahawa ukikaribia, wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa huulizana bei ya kilo, nauli ya lori na riba ya benki. Wachache huulizia swichi ya kukata umeme. Hata hivyo, kwa mwenye mashine ya kukoboa, kifaa hicho ndicho huamua kama mota itaumaliza msimu.

Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme wa Uganda, uliopita katika laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Kutoka hapo, laini za kilovolti 33 huvuka vilima kwenda Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Laini ndefu juu ya vilima hukutana na radi, upepo na matawi ya miti, na hapo shoti hutokea.

Mkondo wa umeme ukipanda mara kumi kwa shoti, joto ndani ya waya huongezeka mara mia. Ndiyo sababu swichi za kisasa za vituoni, za ombwe au za gesi, hukata kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hatari kubwa kwa mkoboaji, lakini, ni fyuzi moja kukatika juu ya nguzo. Umeme wa njia tatu hubaki njia mbili. Mota iliyo kazini huendelea kuzunguka ikiunguruma, huku njia zilizobaki zikibeba mzigo wa ile iliyokatika. Kwa kuwa hiyo si shoti, swichi ya kawaida huweza kukaa kimya mpaka mota iungue. Kinga yake ni rilei ya kuzuia mzigo iliyopangwa kulingana na mota, pamoja na kifaa kinachozima mashine njia moja ikipotea. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kusuka mota upya huku magunia ya wateja yakisubiri.

Kosa la pili hufanyika dukani. Mnunuzi husoma ampea peke yake, akaacha uwezo wa kukata shoti. Transfoma ya kVA 200 yaweza kutoa ampea zipatazo 7,000 shoti ikitokea karibu nayo. Swichi iliyoandikwa ampea 3,000 haiwezi kuuzima moto huo. Inaweza kupasuka na kuunguza ubao mzima. Swichi za bei poa zisizo na maandishi hayo zisinunuliwe kabisa.

Wapo wanaosema kinga ni kazi ya TANESCO na mteja alipe bili tu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Shoti nyingi za laini za juu hupita zenyewe, hivyo shirika linapaswa kutanguliza swichi zinazojirudisha katika laini ndefu za vijijini, na mafanikio ya kusambaza umeme yasipimwe kwa idadi ya nguzo pekee. Lakini swichi ya Kyaka hulinda laini. Haiijui mota ya Kyerwa.

Ushauri kwa wenye mashine, pamoja na wachimbaji wa bati wa Kyerwa wanaotumia mota: fundi aitwe kabla ya msimu, si baada ya moshi. Benki zinazokopesha mashine nazo ziulize kinga yake kabla ya kutoa fedha, kwani mota iliyoungua hailipi mkopo.