Sensa kubwa ni nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye tundu la HDMI

Leo naweka kando programu kidogo. Vijana wa video hapa Garissa wananiuliza, kwa sababu eti aliyesomea kompyuta lazima ajue kila kitu chenye betri: "Ayuto imenifikia, hela si nyingi, nataka kamera yenye sensa kubwa na rekoda ya nje. Ninunue gani?"

Jibu langu ni hili: usianze na sensa, anza na kinachotoka kwenye tundu la HDMI.

Rekoda haitengenezi picha. Inahifadhi inachopewa. Data ambayo kamera imekwisha kuitupa, hakuna kifaa cha kuirudisha. Kamera ikitoa biti 8, kila rangi ya msingi ina ngazi 256. Ikitoa biti 10, ngazi ni 1,024. Kwetu hii si hesabu ya darasani. Jua la saa saba, mchanga mweupe, buibui jeusi na kanzu nyeupe katika picha moja: ukianza kurekebisha rangi kwenye kompyuta, biti 8 hupasua anga mistari mistari.

Tazama mifano. Canon 5D Mark II ya 2008 ilikuwa na sensa ya milimita 36 kwa 24, ikasifiwa dunia nzima, lakini HDMI yake haikutoa picha safi ya HD. Mark III iliipata mwaka 2013, kwa kuongezewa programu mpya tu, tena ikabaki biti 8. Sony A7S ya 2014 huona gizani vizuri sana, lakini 4K yake haiingii kwenye kadi, lazima rekoda, na ni biti 8 vilevile.

Sasa geuza upande. Panasonic GH4 ya 2014 na Nikon Z6 ya 2018 hurekodi biti 8 ndani, lakini hutoa biti 10 nje. Hizo ndizo kamera ambazo rekoda inazifaa kweli. Sensa ya GH4 ni ndogo, milimita 17.3 kwa 13. Ya Z6 ni 36 kwa 24. Kwa maoni yangu, Z6 iliyotumika pamoja na rekoda kama Atomos Ninja V ndiyo ya kutafuta, na GH4 ni ya mwenye mfuko mwembamba zaidi.

Wapo watakaosema: nunua Panasonic S5 ya 2020, inarekodi biti 10 ndani, achana na mizigo. Hoja nzuri. Kama kazi yako ni kutembea na wafugaji huko Ijara, nakubaliana nao kabisa. Lakini kwenye arusi, nusu saa ndiyo kikomo cha S5 kwa 4K ya biti 10 kwenye kadi, na hotuba za wazee hazijui nusu saa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye GH4 na Z6, ukichagua biti 10 kwenda nje, kadi ya ndani hairekodi. Nakala yako ni moja tu, iko kwenye SSD. Waya ukichomoka wakati wa nikaha, au mzee akiwa katikati ya gabay, hakuna wa kurudia. Kwa hiyo msimamo wangu: tukio lisilorudiwa, rekodi biti 8 sehemu mbili, kadi na rekoda. Mahojiano na matangazo ya biashara, hapo tumia biti 10. Rangi nzuri ni nzuri, lakini mteja halipii rangi ya video iliyopotea.

Piga hesabu ya diski pia. ProRes 422 HQ ya 4K kwa fremu 25 hula takriban GB 330 kwa saa. ProRes 422 ya HD hula kama GB 55. Arusi ya saa tano kwa HD inaingia kwenye SSD ya GB 500 na nafasi inabaki. Wengi wataitazama kwenye simu, basi 4K ya nini?

Ukienda Eastleigh au Luthuli kununua, beba waya wako. Unganisha kamera na skrini, hakikisha alama za menyu zinatoweka, kisha tikisa waya taratibu. Tundu la Z6 ni HDMI ndogo, la GH4 dogo zaidi, na likilegea rekoda yako inakuwa pambo. Kumbuka pia kivuli: kikomo cha joto cha kamera hizi ni nyuzi 40, na Garissa hatuko mbali na hapo.

Nisiwachoshe. Aliye na hoja tofauti ailete, tujadiliane.

Wasalaam.