Waraka kwa Wenzetu wa Likelemba: Harusi Isiyoacha Deni wala Takataka

Bunia

Wamama, wadada na wandugu wapendwa,

Miezi ya jua inakaribia, na majina ya vijana wetu yameanza kusomwa kanisani. Kabla kamati za sherehe hazijaanza kugawa bahasha za michango, nawaandikia ninyi wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, kuomba jambo moja: tuache kulipia vitu vinavyochomwa au kutupwa siku ileile ya harusi. Chukueni bajeti yoyote iliyowahi kuletwa mbele yetu. Makala, petroli ya jenereta, sahani za kutupa, maji ya sashe, msafara wa magari ya kupiga honi mjini. Humo ndimo pesa inamoishia, na humohumo ndimo moshi na uchafu unamotoka. Ukifuta mstari mmoja katika karatasi ile, umepunguza deni na uchafu kwa pamoja.

Nianze na makala, maana ndiyo yanayotumaliza. Kupata kilo moja ya makala, mchomaji hutumia kilo tano hadi kumi za kuni. Nyingine zote zimekwenda na moshi kule kule kwenye tanuri la udongo. Kila barabara ya Komanda au ya Mahagi inapoharibika kwa vita, gunia hupanda bei, na familia ya bibi-arusi hulinunua hivyohivyo kwa sababu tarehe imeshatangazwa. Wengi wanaotoka nje ya mji kutafuta kuni ni wamama waliokimbia vijiji vyao, wale tunaowaona katika kambi ya Kigonze na kwingineko, na njiani hawana usalama. Kwa hiyo kwa sherehe ya watu wengi tusipikie makala kabisa. Tununue kuni kavu za mkaratusi kwa mtu aliyezipanda shambani mwake, tujenge mafiga yenye ukuta wa udongo ili upepo usile moto, na kila sufuria iwe na mfuniko. Maharagi yalowekwe usiku kucha. Mchele ukishachemka vizuri, sufuria iondolewe motoni, ifunikwe kwa majani ya ndizi na blanketi nzito, nao utajiivisha. Mama zetu walijua haya yote kabla sisi hatujajua mbabula, jiko la makala.

Chakula chenyewe kipo hapa hapa: sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lenga-lenga, viazi vya Djugu, ndizi, samaki wa Ziwa Albert. Samaki mchague mkubwa; kuvua wale wadogo kwa nyavu za macho membamba ndiko kunakolifilisi ziwa. Lakini nyama ya pori, hapana. Najua kuna wakwe wanaoona meza bila nyama ya msituni ni meza ya maskini. Hifadhi ya Okapi kule Mambasa iliundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996. Tusiwe sisi wa kuwamaliza wanyama wake kwa sahani za wageni wa heshima. Mbuzi mmoja aliyenunuliwa kwa jirani anatosha kwa heshima hiyo.

Maji. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko na sashe za plastiki katika nchi nzima, na ninyi mnajua vizuri kuliko mimi kinachouzwa sokoni. Baada ya harusi moja, mfereji wa mtaa mzima unaziba, na mvua ya kwanza inarudisha taka zetu mlangoni kwa jirani. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, sote tulizoea ndoo yenye bomba na maji ya klorini. Ndoo zile bado ziko majumbani mwetu. Zioshwe vizuri, moja iwe ya kunawa, nyingine ziwe za maji safi ya kunywa, na vikombe vya kuosha pembeni. Soda iwe ya chupa ya kioo, inayorudi depo.

Saa ya sherehe nayo ni pesa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Tukila saa saba mchana, hakuna jenereta, hakuna kukodi taa, na mgeni anafika nyumbani kwake mtaa wa Mudzipela kungali mwanga. Kwa mji wenye hofu kama wetu, hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu.

Nguo sitasema mengi. Badala ya kulazimisha kila mgeni anunue kitenge kipya cha sare, mwambieni avae kile cha sikukuu ya wanawake, tarehe 8 mwezi wa tatu. Kila mama anacho, na wengine wanacho cha miaka kumi.

Pete inanifanya niseme zaidi. Sisi ni watu wa nchi ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake unaingia mapafuni mwake na mwa watoto walioketi karibu, na inayobaki inaingia mtoni hadi kwa samaki. Kama nyumbani kuna pete ya bibi, mpelekeeni sonara aiyeyushe. Kama haipo, pete ya fedha inafunga ndoa ileile. Sijaona padri wala mchungaji aliyepima karati.

Watu watasema tumeaibisha ukoo. Lakini Kanuni ya Familia ya nchi yetu ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ridhaa ya wawili, mahari, na ndoa iandikwe kwa ofisa wa serikali. Keki ya ghorofa nne haimo. Aibu ninayoijua mimi ni ya vijana wanaohama nyumba ya kupanga mwezi wa tatu wa ndoa kwa sababu wanalipa deni la siku moja.

Naomba basi zamu moja ya likelemba yetu, kabla ya Noeli, isiende kwa mtu. Inunue vyombo vya wote: sahani za bati, vikombe, sufuria kubwa na mifuniko yake, ndoo za bomba. Kila familia yenye harusi itaviazima, itaviosha, itavirudisha, na kilichopotea italipa. Njooni kwenye mkutano wetu ujao mkiwa na jibu. Anayekataa aje na hesabu ya harusi yake ya mwisho, tuisome pamoja.

Katibu wenu