Njia ya Mbao Katika Mikoko ya Gazi



Sisi tunaoishi mbali na bahari, tukisikia neno « hifadhi », tunawaza mara moja walinzi wenye bunduki, mpaka usiovukwa, na mwanakijiji aliyekamatwa na mzigo wa kuni kichwani. Mimi pia niliwaza hivyo mpaka siku nilipofika Gazi, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Kenya, yapata kilometa 50 kusini ya Mombasa. Nilikuwa Mombasa kwa mafunzo ya walimu, na siku ya mapumziko wenzangu wakanipeleka huko.

Kando ya kijiji kuna msitu wa mikoko, miti inayoota penye maji ya chumvi. Ndani yake inapita njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye urefu upatao mita 300, nayo inaendeshwa na akina mama wa kijiji. Mgeni hulipa kiingilio, kisha mama mmoja humtangulia akimtajia miti: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, na mchu unaosimamisha mizizi yake juu ya tope kama penseli. Tope lile halina hewa, hivyo mchu hupumua kwa mizizi hiyo.

Hapo ndipo nilipokosea. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti mama, kisha huanguka na kuelea. Niliona moja imekwama kati ya mizizi ya mchu, nikatamani kuwaonyesha wanafunzi wangu. Nikashuka kwenye mbao. Tope likanimeza mpaka magotini, na chini ya viatu nikasikia mizizi ikivunjika. Mama yule, mdogo kwangu kwa miaka mingi, hakunigombeza. Alisema tu: « Rudi juu, mzee. Hapo unakanyaga pumzi yake. » Mimi ambaye kwa zaidi ya miaka 30 nimewakataza watoto kukanyaga bustani ya shule! Yeye akalala kifudifudi juu ya ubao, akanyoosha mkono, akaisimika ile mbegu topeni.

Niliporudi juu ya mbao nilielewa kazi yake. Njia ile humwingiza mtu msituni, tena humwonyesha pa kuweka mguu. Kutokana na hayo, natoa maoni yangu: hifadhi hudumu pale ambapo jirani yake ana njia ya kuingia na ana fungu la kupokea. Jirani aliyefukuzwa hurudi usiku na shoka.

Najua mtakavyonijibu: « Mwalimu, mwenye njaa hawezi kuhifadhi. Makala huuzwa leo, mti hukua kwa miaka. » Neno hilo lina uzito, wala silidharau. Gazi yenyewe imelipitia. Katika miaka ya 1970 sehemu ya msitu huo ilikatwa iwe kuni za viwanda, na pakabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kazi ya kupanda upya. Tangu 2013, mpango uitwao Mikoko Pamoja unalinda hekta 117. Miti hiyo na tope lake hushika kaboni nyingi. Watu na mashirika ya mbali hulipia ulinzi huo, na fedha huenda katika mahitaji ya wenyeji, kama vile maji na shule. Waliofanya kazi hiyo si matajiri. Ni wavuvi na akina mama walioona faida ikirudi nyumbani kwao.

Sisemi kwamba mpango huo hauna kasoro. Anayechafua hewa huko mbali asidhani amenunua ruhusa ya kuendelea. Tena mbao huoza kwa maji ya chumvi. Nilipotembea niliona mbao mpya kati ya zile za zamani. Akina mama wakilegea kidogo tu, njia itaanguka.

Nchi yetu nayo ina mikoko, penye mdomo wa mto Kongo, karibu na Muanda, na imewekwa chini ya hifadhi tangu 1992. Wachache kati yetu wataiona. Lakini kila parokia ina mahali pake: chemchemi, ukingo wa mto, kipande cha msitu kinachoisha kwa makala. Msiende huko siku moja tu kupanda miti na kupiga picha. Ketini kwanza na wanaoishi kando yake, mkaulizane: wao watapata nini? Nasi tutapita wapi bila kuharibu? Na ubao utakapooza, nani kati yetu ataubadilisha? Kikundi kitakachoweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa kutaja majina, hicho ndicho kianze kazi.