Wacheni Kuwapa Paka Panadol

Wacha niseme, halafu mnitukane baadaye. Paka wako akianza kupiga chafya na macho yatoe uchafu, usimsagie Panadol! Hata nusu tembe inaweza kumuua, mwili wake hauwezi kuivunja kama wako.

Susu wangu kule Mutomo alikuwa na paka sita, askari wa magunia yake ya ndengu. Mmoja alishikwa na homa, jirani akashauri Panadol. Tulimzika kesho yake jioni, na wale watano tayari walikuwa wanapiga chafya.

Halafu kuna nyinyi wa kukimbia agroveti, iwe Wote ama Kitui mjini, kununua antibayotiki ya kuku. Mara nyingi hii homa ni virusi, hepesi ya paka ama kalisi. Antibayotiki haiui virusi. Inasaidia bakteria wakidandia tu, na hiyo aamue daktari wa mifugo.

Ile inasaidia ni kazi, si pesa. Mgonjwa akae peke yake na sahani yake. Lisha wazima kwanza, yeye mwisho, kisha nawa mikono. Sahani osha na Jik iliyochanganywa na maji, suuza vizuri, maana kalisi hukaa kwa vyombo siku nyingi. Pua ikiziba hasikii harufu, ndiyo maana hali; mpe supu moto kidogo ya omena, bila chumvi. Siku nzima bila kula? Daktari.

Na chanjo ipo. Ng'ombe mnachanja, mbwa mnachanja, lakini eti "huyo ni paka tu." Panya wakifika kwa ndengu msinipigie.