KONA YA FAMILIA: Mama mzima kukimbia, unakimbia nini?

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa hapa hapa Nakivale. Vijana wa kijiji chao wanajiandaa kwa mbio za kilomita 10 za siku ya Jumamosi, na yeye anatamani kuingia. Ana miaka 41 na watoto watano. Majirani wanamcheka: "Mama mzima kukimbia, unakimbia nini? Bado hujachoka kukimbia?" Tena anatuambia jambo ambalo majirani hawalijui: akikimbia kidogo tu na moyo ukaanza kupiga haraka, anakumbuka ile siku waliyotoka nyumbani.

Mama, asante kwa kutuandikia. Tuanze na hao majirani. Sisi tunaitwa wakimbizi, na jina hilo limetoka kwa kukimbia. Lakini anayeingia kwenye mbio anaitwa mkimbiaji. Mkimbizi hakuchagua siku, wala njia, wala mwendo. Mkimbiaji anachagua mwenyewe, na akimaliza anarudi kwake kuoga na kupika. Waambie hivyo, halafu waalike.

Kuhusu kuanza bila uzoefu, mnamjua Rose Nathike Lokonyen? Alikimbia vita Sudan Kusini akiwa mtoto, akakulia kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2015 mwalimu wake alimwambia aingie mbio za kilomita 10. Hakuwa na mazoezi, na akawa wa pili. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, kule Rio. Medali hakupata, lakini dunia yote ilimwona. Wewe hatukutumi Rio, mama. Tunasema tu kwamba mguu wa mkimbizi unaweza kazi nyingine pia.

Sasa lile la moyo. Hiyo si wazimu, wala si mapepo. Ukikimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, moyo unapiga. Ile siku ya vita mwili ulifanya hivyo hivyo, na mwili haujasahau. Wengi waliopita kwenye vita wanapatwa na hali hii. Kwa hiyo anza kwa kutembea, mchana, kwenye njia unayoijua, pamoja na mwenzako. Kumbukumbu ikikujia, simama. Kanyaga chini kwa nguvu, vuta pumzi polepole, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ng'ombe, mgomba, ziwa. Ukituliza moyo, endelea kwa kutembea. Kama hali inarudi kila mara, au hulali usiku, nenda kituo cha afya uombe kuongea na mshauri. Hakuna aibu hapo.

Na watoto tusiwasahau. Mtoto mdogo akimwona mama yake anakimbia barabarani anaweza kuogopa, akadhani kuna hatari. Mwambie kabla: "Mama anaenda mazoezi, atarudi uji ukiiva." Halafu urudi kweli saa hiyo.

Mazoezi yenyewe, jipe wiki 8, siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Mwanzoni kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mpaka nusu saa iishe. Kila wiki ongeza kidogo. Mwendo mzuri ni ule unaoweza kuongea na mwenzako. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Huna kifaa cha kupima? Raundi 3 za uwanja wa mpira ni kama kilomita 1.

Viatu vya mitumba vinafaa, bora soli isiwe imeisha na kidole kisiguse mbele. Tafuta sidiria inayoshika vizuri. Kitenge juu ya suruali si kosa, bora kisikufunge magoti. Barabarani kumbuka kwamba Uganda magari yanashika kushoto, si kama Congo na Burundi. Basi wewe kimbia upande wa kulia, boda boda ije mbele yako uione.

Chakula nacho. Kula masaa mawili au matatu kabla: uji, ndizi au kiazi kitamu. Mwezi ambao chakula cha nyumbani kimepungua, punguza mazoezi nawe, utembee tu. Usikimbie na njaa ili eti watoto wale. Mwenye mimba, mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuone kwanza mganga wa kituo. Na siku yoyote kifua kikiuma au kizunguzungu kikakushika, acha hapo hapo, uombe msaada.

Siku ya mbio, simama nyuma. Vijana wataruka kama swala, na wengi wao utawakuta kilomita ya tatu wameshika kiuno. Waache. Kunywa maji kidogo kidogo kila unapoyapata. Ukichoka, tembea. Anayetembea kwa haraka anamaliza kilomita 10 kwa karibu saa 1 na dakika 45, na hajadanganya mtu.

Waandaaji wa mbio, na nyinyi tuna ombi kwenu. Msianzishe mbio kwa mlio wa bunduki au fataki. Hapa kuna watu wazima ambao mlio huo unawalaza chini. Firimbi inatosha, na ngoma ni nzuri zaidi. Tena msiondoe maji wala watu wa njiani mpaka wa mwisho apite. Wa mwisho ndiye anayeyahitaji kuliko wote.

Nyinyi akina baba, asubuhi hiyo ya Jumamosi mnaweza kuchota maji na kuwasha moto. Halafu chukueni watoto mwende kusimama mwisho wa mbio. Mtoto aliyewahi kumwona mama yake akikimbia kwa hofu, amwone sasa anakimbia huku anacheka. Hilo ni zawadi kubwa kuliko medali.

Tuandikieni mtuambie ilikuwaje. Mungu awape nguvu ya miguu. Tuonane mwezi ujao.