Risasi Itasimama Wapi?

Kila mtama unapokaribia kukomaa hapa Bahi, mazungumzo ya bunduki huanza upya. Nguruwe pori wameshuka usiku, wamelaza nusu eka ya mtama wa mtu na karanga wamezifukua zote. Asubuhi mwenye shamba amesimama pale na watoto wake, na wajuzi wamekwisha kusanyika kumweleza angepaswa kuwa na bunduki gani. Mmoja anataka .375. Mwingine anaapa kwa .30-06. Wa tatu, ambaye hajapata kushika hata manati, anasema dawa ni .458, kwani nguruwe ana roho saba kama paka.

Mimi nasema waziwazi kwamba mabwana hawa wanapotosha watu. Wote wanabishana ni risasi ya kaliba gani itamwangusha nguruwe. Hakuna anayeuliza risasi hiyo, ikimkosa au ikimpenya, itakwenda kusimama wapi.

Tumtazame kwanza mnyama mwenyewe. Dume kubwa la nguruwe pori lina uzito wa kilo 100 hivi. Nyati dume hufika kilo 700. Bunduki ya .375 ilitolewa mwaka 1912, na .458 mwaka 1956, kwa ajili ya nyati, tembo na wenzao. Kumpigia nguruwe ni kubangua karanga kwa nyundo ya reli.

Wanaoabudu ukubwa wa risasi wamkumbuke Bell, yule Mskoti wa Karamoja, aliyeua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu. Simsifu hata kidogo. Tembo wale hawakuwa mali yake. Lakini katika ubishi huu ushahidi wake hauna mpinzani: alijua ubongo wa tembo ulipo. Moyo wa nguruwe uko chini kifuani, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Asiyejua hilo, hata umpe mzinga, atamvunja mnyama taya na kumwacha kichakani akiwa na hasira, na atakayekutana naye kesho ni mtoto wa jirani anayetafuta kuni.

Sasa tuitazame nchi. Bahi ni tambarare. Kutoka kwenye majaruba ya mpunga hadi relini hakuna kilima cha kuzuia chochote. Kuna tembe zenye kuta za miti na udongo, kuna mazizi, na kuna vijana waliolala karibu na ng'ombe. Risasi ya .30-06 yenye gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, na ikirushwa kwa pembe ya juu yaweza kuanguka zaidi ya kilomita 4 mbele. Usiku wa giza nguruwe haonekani vizuri kupita hatua 30. Je, ndugu msomaji, hizo kilomita zilizosalia ni za nani?

Kwa hiyo shambani mimi nachagua bunduki ya marisau, ile shotigani ya namba 12 ambayo wajuzi wanaidharau kuwa ni ya kupigia kanga. Itiwe marisau makubwa, maana yale ya ndege humjeruhi nguruwe tu. Mpigaji asivuke hatua 25, naye awe juu ya dungu, mtutu ukielekea chini, ili kitakachomkosa nguruwe kiingie udongoni. Marisau yanayoruka hovyo huishiwa nguvu mapema. Hayafiki hata kilomita moja.

Ngiri wa mchana ni habari nyingine. Huyo anaonekana, anasimama, na raifoli ya wastani inamtosha: 7x57, au .303 ya zamani, yenye risasi ya ncha laini inayopanuka mwilini. Risasi ngumu humpenya na kuendelea na safari yake. Nyuma ya ngiri pawe na kichuguu kikubwa. Kama hakipo, mwache aende zake.

Kuna wanaolitetea gobore kuwa ndiyo silaha ya maskini. Silaha gani hiyo, yenye kushindiliwa vipande vya nondo, ambayo ikipasuka inaondoka na jicho la huyo huyo maskini?

Najua kuna sheria ya silaha ya mwaka 2015 na ile ya wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba kuwinda usiku bila ruhusa ni kosa, ingawa mtu anaruhusiwa kulinda uhai na mali yake. Mwenye shamba amwone ofisa wa wanyamapori kabla nguruwe hawajaingia. Wenzangu hunijibu kwamba ofisa huchelewa kufika. Huchelewa kweli, na hilo tulidai kwenye mikutano ya kijiji kwa sauti ile ile tunayoipaza tukisifu .375. Wakati tukingoja, dungu hujengwa kwa miti na kamba, tena kwa siku moja.